Maziwa ya Unga Yenye Mafuta Mengi: Namna ya Kuyakoroga kwa Maji Baridi Yasifanye Madonge

Mimina kijiko cha maziwa ya unga yenye mafuta kamili kwenye glasi ya maji ya friji. Unga utaelea juu, mkavu. Ukianza kuukoroga unajikusanya kuwa madonge, na ukilipasua donge moja utakuta ndani unga ambao haujaonja tone la maji. Hapo wengi huongeza nguvu ya mkono, wakishindwa huwasha blenda, na blenda ikiacha vipande huchuja na kumwaga kilichobaki kwenye chujio. Kilichomwagwa ni mafuta na protini waliyoilipia.

Nguvu husaidia kidogo tu, kwa sababu unga huo umekwama kabla ya kufikia hatua ya kukorogwa. Umekwama pale maji yalipokutana na uso wa punje yakakataliwa. Ukilitatua hilo, kukoroga kunakuwa kazi nyepesi.

Ninawaandikia wanaotengeneza vinywaji baridi, aiskrimu, lambalamba na mtindi kwa kutumia unga, pamoja na wafungashaji wadogo wanaonunua mifuko ya kilo 25 na kuigawa. Kuna sehemu fupi pia kwa walio karibu na mitambo ya kukaushia.

Neno moja la tahadhari kabla hatujaanza. Njia zilizomo humu hazihusu maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Unga wa maziwa si kitu kilichouliwa vijidudu vyote, na Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) wanaelekeza kwamba maziwa ya mtoto mchanga yachanganywe kwa maji yasiyopungua nyuzijoto 70, hasa kwa sababu ya bakteria aitwaye Cronobacter, kisha yapoozwe ndipo mtoto apewe. Maji baridi si ya kopo hilo. Na maziwa ya unga ya kawaida, hata yakorogwe vizuri namna gani, hayachukui nafasi ya maziwa ya mtoto mchanga.

Kinachotokea ndani ya glasi

Viwango vya kimataifa vya chakula, vya Codex, vinaweka maziwa ya unga yenye mafuta kamili kati ya asilimia 26 na chini kidogo ya 42 ya mafuta. Yakianzia 42 kwenda juu huitwa unga wa krimu. Yale yaliyoondolewa mafuta hayazidi asilimia 1.5. Unga mwingi wa mafuta kamili ulioko madukani uko kwenye 26 hadi 28.

Sehemu kubwa ya mafuta hayo imefungwa ndani ya punje, imezungukwa na protini, na haisumbui mtu. Yanayosumbua ni mafuta machache yaliyobaki nje. Ni kidogo kwa uzito, lakini yametandaa hadi kufunika karibu uso wote wa punje, kwa hiyo maji yakifika yanakutana na mafuta kwanza, protini na sukari ziko nyuma.

Halafu kuna baridi. Mafuta ya maziwa hayayeyuki yote kwa nyuzijoto moja. Huanza kulainika mapema sana na kumalizika yote yapatapo nyuzijoto 40. Samli ile ile inayoganda Njombe mwezi wa Julai hukaa nusu kimiminika Tanga. Kwenye maji ya nyuzijoto 5 takriban nusu ya mafuta hayo ni mango, na uso wa punje unakuwa na utando mgumu usiosogea. Kwenye maji ya nyuzijoto 45 utando huo ni mafuta laini yanayoweza kupasuka, kusogea na kupisha maji.

Ili punje iwe maziwa inapita hatua nne zinazofuatana: ilowe, izame, itawanyike mbali na wenzake, ndipo iyeyuke. Maziwa ya unga yasiyo na mafuta hukwama zaidi kwenye hatua ya tatu. Yenye mafuta mengi hukwama kwenye ya kwanza. Na punje zikiwa ndogo sana, maji hayapati njia ya kupita katikati yake: safu ya nje inalowa, inavimba, inakuwa gamba la ute, na gamba hilo linafungia unga mkavu ndani. Hilo ndilo donge.

Mpishi wa uji anaijua hali hii kwa upande wake wa pili. Unga wa mahindi huuchanganya kwanza na maji ya baridi, kwa sababu maji ya moto huivisha nje kabla ndani hakujalowa. Kwa maziwa yenye mafuta mambo yamegeuka: baridi ndiyo inayofunga mlango, kwa hiyo mlango unafunguliwa kwa maji ya vuguvugu kwanza.

Upime unga ulio nao

Usianze kubadilisha njia kabla hujajua unga wako unakwama wapi. Kipimo hiki hakihitaji maabara, ila mizani ndogo ya jikoni, saa na chujio la chai lenye matundu madogo.

Weka mililita 250 za maji yaliyochemshwa na kupoa kwenye glasi pana. Yawe ya nyuzijoto 25 hivi, yaani maji ya chumbani. Pima gramu 10 za unga, umimine wote kwa mara moja juu ya maji, usikoroge. Hesabu muda hadi unga wote uzame. Kisha koroga sekunde 20 tu, mimina kwenye chujio, uangalie kilichobaki. Acha kilichopita kikae dakika 10 uangalie juu na chini ya glasi. Rudia yote kwa maji ya friji.

Unga ukizama ndani ya nusu dakika kwenye maji ya chumbani na pia ukafanya vizuri kwenye ya friji, huo umetengenezwa kwa ajili ya maji baridi na shida yako iko kwingine, pengine kwenye kipimo cha maji. Ukizama vizuri kwenye maji ya chumbani lakini ukaelea kwenye ya friji, tatizo ni mafuta yaliyoganda juu ya punje. Njia ya rojo nitakayoieleza itakumalizia shida hiyo. Ukielea kote, ukaacha madonge yenye unga mkavu ndani, unga ni mwembamba mno, punje zake ni vumbi. Hapo utahitaji rojo au kuuchanganya na sukari kabla ya maji.

Kuna matokeo mawili mabaya zaidi. La kwanza ni duara la mafuta ya njano linalokusanyika juu ya glasi baada ya zile dakika 10. Maana yake mafuta yametoka ndani ya punje, mara nyingi kwa sababu ya joto la stoo au unga kunyonya unyevu. Unga wa namna hiyo utumie kwa vitu vya kupikwa, chai au mkate, mradi haunuki. Usiutegemee kwa kinywaji baridi. La pili ni mashapo meupe chini ya glasi, chembe ndogo zisizoyeyuka hata ukikoroga tena. Hizo ni protini zilizoharibiwa na joto wakati wa kukausha au kwa kukaa muda mrefu mahali pa moto. Hakuna mkorogo unaozirudisha.

Weka daftari la vipimo hivi kwa kila mfuko mpya unaoununua. Mifuko miwili ya jina moja, ya tarehe tofauti, inaweza kutofautiana sana, na msambazaji anakusikiliza zaidi ukimwonyesha namba.

Njia ya rojo la vuguvugu

Kwa unga usio wa papo kwa papo, yaani usioandikwa Instant, hii ndiyo njia ninayoitetea kuliko zote. Kinywaji bado kinatoka baridi. Kinachopashwa joto ni sehemu ndogo tu ya maji. Vipimo hivi ni vya kilo moja ya maziwa, karibu lita moja kasoro kidogo.

1. Chemsha maji yote utakayotumia, uyapooze yakiwa yamefunikwa. Barafu pia itokane na maji yaliyochemshwa. Unga wenyewe hauchemshwi tena katika njia hii, kwa hiyo usafi wa maji, chombo na mikono ndio kinga yako.

2. Pima unga gramu 125. Pima maji gramu 150 yakiwa na nyuzijoto 50. Kama huna kipimajoto, changanya sehemu moja ya maji yanayochemka na sehemu mbili za maji ya chumbani. Utakuwa karibu na hapo.

3. Weka unga kwenye bakuli, utengeneze shimo katikati, umimine theluthi moja ya maji hayo. Koroga kwa mchapo au kipekecho kuanzia katikati kwenda nje. Rojo litakuwa zito sana. Huu ndio wakati wa kuvunja madonge, kwa sababu uzito wa rojo unayasaga. Ukiongeza maji mapema, madonge yataanza kuelea na kukukimbia.

4. Rojo likiwa laini kabisa, ongeza maji ya vuguvugu yaliyobaki kwa mikupuo miwili. Linyanyue kwa kijiko: likitiririka bila chembe, liko tayari.

5. Lifunike, liache dakika 10 hadi 15. Usiiruke hatua hii. Punje zinaonekana zimeyeyuka lakini protini bado zinanyonya maji, na zikikutana na baridi kali kabla hazijashiba, utazihisi kama mchanga ulimini.

6. Mimina maji baridi gramu 725 kidogo kidogo, ukikoroga polepole. Kikombe cha kwanza kiingie taratibu kuliko vyote.

Kuhusu baridi ya mwisho: ukitumia maji ya nyuzijoto 8 katika hatua ya sita, maziwa yatafikia nyuzijoto 16 hivi. Ukitaka baridi ya kunywea pale pale, toa gramu 100 kwenye yale maji 725 na mahali pake weka gramu 100 za barafu. Barafu ikiisha kuyeyuka maziwa yatakuwa karibu na nyuzijoto 7, na kipimo cha maji hakijaharibika. Wengi hutupia barafu juu ya maziwa yaliyokamilika, kisha wanashangaa kwa nini yana ladha ya maji.

Kwa juisi ya parachichi, kinywaji cha tende cha wakati wa futari, au faluda, tengeneza rojo peke yake, lipoe, ndipo liingie kwenye blenda pamoja na tunda na barafu. Rojo linaweza kukaa kwenye friji chini ya nyuzijoto 5 likiwa limefunikwa, ila litumie ndani ya saa 24. Mwuza juisi mwenye jagi la rojo kwenye friji anahudumia wateja haraka kuliko anayechota unga mkavu kila glasi.

Unga uliochanganywa mafuta ya mimea badala ya mafuta ya maziwa, ambao umejaa madukani kwa bei nafuu, unafuata njia hii hii. Mafuta ya mawese nayo hukaza kwenye maji ya friji. Soma lebo ujue unanunua kipi, maana ladha na bei havifanani.

Maji ya vuguvugu yasipopatikana

Uko kibandani, huna jiko, una maji ya chupa na kisanduku cha barafu. Bado kuna la kufanya, ingawa matokeo hayatalingana na rojo.

Kama kinywaji kina sukari, ichanganye na unga ungali mkavu. Sehemu moja ya sukari kwa sehemu mbili za unga, kwa uzito. Chembe za sukari zinakaa katikati ya punje za maziwa, zinazitenganisha, zinazama na kuyeyuka upesi, na kila moja inaacha nafasi ya maji kupita. Tumia sukari ya kawaida ya chembe. Iliyosagwa kuwa vumbi haitenganishi kitu. Kakao nayo, ambayo ina mafuta na huelea kwa sababu hiyo hiyo, iingie kwenye mchanganyiko huo mkavu.

Kisha tumia chupa yenye kifuniko kizuri kuliko glasi na kijiko. Maji yatangulie, robo tatu ya chupa, unga ufuate, funga mara moja na utikise kwa nguvu nusu dakika. Ndani ya chupa unga hauna pa kuelea. Anza na maji ya chumbani, barafu ije baada ya kutikisa. Tofauti ya nyuzijoto 25 na 5 kwa unga wenye mafuta ni kubwa kuliko tofauti ya kijiko na blenda.

Ukitumia blenda, washa kwanza kwa mwendo mdogo maji yakizunguka, ndipo unyunyize unga kupitia chujio karibu na kingo za mzunguko, kidogo kidogo. Zima mara unga unapotoweka. Blenda ikiendelea muda mrefu inaingiza hewa na kukupa povu ambalo mteja hulihesabu kama maziwa pungufu.

Sikubaliani na ushauri wa kuongeza magadi au baking soda ili maziwa yayeyuke. Vinabadilisha ladha na asili ya maziwa, na utando wa mafuta hauondoki kwa hayo.

Kuyapa muda

Maziwa yaliyokorogwa kwa maji baridi moja kwa moja yanaweza kuonekana sawa ndani ya dakika 2 huku protini zikihitaji saa kadhaa kushiba maji. Kwa kinywaji cha kunywa papo hapo haidhuru sana. Kwa aiskrimu na mtindi inadhuru. Mchanganyiko wa aiskrimu ukae kwenye friji saa 4 au zaidi, usiku kucha ni bora, kabla ya kuingia kwenye mashine. Mafuta yanaganda vizuri, protini zinashika maji, na aiskrimu haitoki na barafu ya kukwaruza. Maziwa ya mtindi yanapikwa kabla ya kutiwa kimea (kianzio cha kuyagandisha), kwa hiyo huko nusu saa ya kupumzika kwenye nyuzijoto 45 kabla ya kuyapika inatosha.

Kwa mfungashaji: lesithini

Unga unaozama peke yake kwenye maji baridi umefanyiwa kazi mbili kiwandani. Kwanza punje zimeunganishwa kuwa vishada vyenye nafasi katikati, ili maji yapenye. Pili vishada hivyo vimenyunyiziwa lesithini, kiungo kitokacho kwenye soya, alizeti au kiini cha yai, ambacho upande wake mmoja unashikana na mafuta na wa pili unashikana na maji. Lesithini ikitanda juu ya punje, maji yanapata pa kushika.

Kazi hizi mbili hazibadilishani. Lesithini juu ya unga ulio vumbi tupu inasaidia kidogo sana, kwa sababu maji bado hayana njia. Kwa hiyo mfungashaji anayetaka kujaribu kunyunyiza mwenyewe aanze kwa kununua unga uliokwisha kuunganishwa kuwa vishada. Utaujua kwa mkono: unamiminika, hautoi vumbi, na mfuko wa uzito ule ule unajaa zaidi.

Viwandani kiasi cha lesithini ni karibu asilimia 0.2 ya uzito wa unga, ikiwa imeyeyushwa ndani ya mafuta safi ya maziwa. Kwa jaribio la kilo 5 hiyo ni gramu 10 za lesithini ya majimaji ndani ya gramu 30 za samli safi iliyochujwa isiyo na maji hata kidogo. Pasha mchanganyiko hadi nyuzijoto 60 hivi uwe mwepesi. Unga nao upate uvuguvugu wa nyuzijoto 50 kwenye chombo kikavu, kwa sababu mafuta ya moto yakiangukia unga wa baridi yanaganda hapo hapo na kufanya vidonge vya njano. Nyunyiza kwa bomba la kutoa ukungu, wala si matone, huku pipa la chuma kisichoshika kutu likizunguka polepole. Endelea kuzungusha dakika 10, upooze, ufungashe siku hiyo hiyo. Pipa likizunguka kwa kasi linavunja vishada ulivyovinunua kwa bei ya juu.

Fanya kile kipimo cha glasi kabla na baada. Kama muda wa kuzama haukupungua sana, usiongeze lesithini ukidhani kiasi ndicho kilichopungua. Ikizidi inaleta ladha ya maharage na harufu ya mafuta yaliyochacha. Mara nyingi kilichokosekana ni ukungu mwembamba wa kutosha.

Lesithini ya soya itajwe kwenye lebo, kwani wapo wenye mzio wa soya. Na ukishaongeza kitu ndani ya unga, wewe si mgawaji tena, ni mtengenezaji: mashirika ya viwango, TBS kwa Tanzania, KEBS kwa Kenya au UNBS kwa Uganda, yatataka kuona bidhaa yako na chumba chako.

Kuunganisha punje mwenyewe kwa kunyunyiza maji na kukausha upya ni jambo ninalolikataza kwa asiye na kikaushio cha hewa ya moto kilichofungwa. Maziwa yaliyolowanishwa nusu na kuanikwa chini ya feni, kwenye joto la pwani, ni makao ya bakteria. Tofauti ya bei kati ya unga wa kawaida na ule ulioandikwa Instant ni ndogo kuliko hasara ya mteja mmoja kuugua.

Maneno machache kwa walio kwenye mitambo

Ukanda wetu una wakaushaji wake: New KCC kule Kenya, na Pearl Dairy ya Mbarara nchini Uganda inayotoa Lato. Anayefanya kazi mahali kama hapo anajua kwamba unga mzuri wa maji baridi huanza kabla ya mnara wa kukaushia. Maziwa yaliyopunguzwa maji hadi karibu asilimia 48 ya vitu vikavu yapitishwe kwenye mashine ya kuvunja matone ya mafuta, hatua mbili, kabla ya kunyunyizwa. Matone madogo yanafunikwa na protini vizuri na mafuta ya nje yanapungua. Vumbi la unga lirudishwe juu ya mnara, kwenye ukungu ambao bado una unyevu, liungane kuwa vishada. Lesithini iingie unga ukiwa bado na joto la kama nyuzijoto 70. Halafu unga upoe kabisa kabla ya mfuko kufungwa. Usafirishaji wa unga kwa upepo wa kasi kwenye mabomba unavunja vishada na kukamua mafuta nje, na kazi yote ya mnara inapotea katika mita chache za bomba.

Stoo

Unga mzuri unaweza kuharibiwa baada ya kununuliwa. Chini ya bati, mchana wa Dar es Salaam au Mombasa, stoo isiyo na dari hufika kwa urahisi joto ambalo mafuta ya maziwa yanayeyuka yote. Yanatoka ndani ya punje, usiku yanaganda juu yake, kesho yanatoka tena. Unga ule uliokuwa ukizama unaanza kuelea ingawa tarehe yake haijaisha.

Unyevu ndio adui wa pili. Sukari ya maziwa, laktosi, hukaa ndani ya punje kavu bila kupangika. Ikinyonya unyevu wa hewa inalainika, inanata, kisha inajipanga kuwa fuwele, na fuwele hizo zinatoboa kuta zilizokuwa zimefunga mafuta. Ndiyo maana unga ulioganda kuwa jiwe, hata ukisagwa upya, haukorogeki tena kwa maji baridi. Codex inataka unyevu usizidi asilimia 5; unga mzuri wa mafuta kamili hutoka kiwandani ukiwa karibu na 3.

Panga mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta, upande wa nyumba usiopigwa na jua la mchana. Mfuko wa kilo 25 ukifunguliwa, ugawe siku hiyo kwenye vyombo vidogo vinavyozibwa, vya kutumika siku chache kila kimoja. Kijiko kiwe kikavu. Kopo lililofunguliwa usilitie friji kisha kulifungua jikoni lingali baridi, kwani hewa yenye unyevu itaingia na kugeuka matone juu ya unga. Na nusa kila unapofungua: harufu ya rangi ya mafuta au ya samli ya zamani maana yake mafuta yamechacha, na unga huo hauendi kwa mteja.

Unga wa krimu

Wa asilimia 42 na kuendelea unahitaji uangalifu wake, kwa sababu wapishi wa keki na aiskrimu huutumia kwa kipimo cha maziwa ya kawaida wakapata vipande vya siagi. Usiuanzishe kwa maji baridi kabisa, hata kama umetiwa lesithini. Tengeneza rojo kwa maji ya nyuzijoto 50 hadi 55, uzito wa maji ukiwa mara moja na nusu ya uzito wa unga, uupe nusu saa ya kupumzika. Upoze kwa kuketisha bakuli ndani ya maji ya barafu, ukikoroga taratibu kwa mwiko.

Kati ya nyuzijoto 10 na 20 uweke blenda na mchapo wa umeme mbali. Kwenye baridi hiyo mafuta ni nusu mango nusu kimiminika, na msukosuko unayagonganisha hadi yashikane, ndiyo namna siagi inavyosukwa. Ukiona chembe za njano zikianza kujikusanya, acha kukoroga, rudisha rojo kwenye nyuzijoto 50, lipige kwa blenda likiwa na joto hilo, uanze kulipoza upya. Likishuka chini ya nyuzijoto 5 na kukaa saa kadhaa, ndipo liko tayari kutumika kwa keki au aiskrimu.